Kila jiko na siku yake: kaka anakuja Dar, nimpeleke kula wapi?

Dada mmoja wa Kimara ameniandikia hivi:

"Nimehamishiwa Dar kikazi, huu ni mwezi wa nane. Nyumbani ni Mwanza. Desemba kaka yangu anakuja kutoka Toronto na mkewe na watoto wao wawili, wa miaka 9 na 12. Mama naye atateremka kutoka Mwanza. Nina siku saba za kuwatembeza. Wifi yangu hali nyama wala samaki. Mama meno hayamsaidii tena, na chakula kigeni hakiamini. Kaka anasema hakusafiri mwendo wote huo aje kula vitu anavyoviona kila siku Toronto. Gari sina. Naomba unitajie migahawa unayoipenda wewe mwenyewe, ya vyakula vya aina mbalimbali, isiyo ya bei ya kuumiza."

Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu.

Nimepika kwa kulipwa miaka 18 katika mji huu, na sasa nafundisha vijana kupika. Swali la mgahawa upi mzuri naulizwa kila wiki. Zamani nilikuwa najibu kwa kutaja majina, mtu anakwenda, anarudi amenuna. Ikanichukua muda kuelewa kosa langu. Jina nilikuwa namtajia, siku simtajii. Kila jiko lina siku yake na saa yake, yaani wakati ambao mpishi anawapikia watu wa kwao wanaokijua chakula kile tangu utotoni na watakaokirudisha kikiwa kibaya. Ukifika wakati huo, unakula walichopikiwa wao. Ukifika wakati mwingine, unakula kilichobaki.

Mimi mwenyewe limenikuta. Nilimpeleka mjomba wangu kwenye mgahawa mmoja wa samaki uliokuwa unasifiwa mji mzima, usiku wa Jumatatu. Samaki alikuja amekauka pembeni, mchuzi umepashwa mpaka nazi imejitenga na mafuta yanaelea juu. Palepale nikajua yule ni samaki wa Jumapili. Mjomba alikula kwa heshima, hakusema neno, na ile heshima yake iliniuma kuliko angelalamika. Mgahawa ule ule, Jumamosi mchana, ungempa samaki wa asubuhi hiyo hiyo.

Kwa hiyo nitakupa majina, lakini kila jina lishike pamoja na saa yake.

Nianze na Feri, kwa sababu ndiyo rahisi kwako. Mwendokasi wa Kimara unakwisha Kivukoni, na kutoka kituoni hadi soko la samaki ni mwendo mfupi kwa miguu. Ondokeni na basi la alfajiri, mfike saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi. Soko hili lilijengwa upya kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002, na hadi leo sijapata mahali pengine Dar ambapo samaki anatoka chomboni na kuingia kwenye mafuta mbele ya macho yako. Mnada una kelele na haraka yake, wewe usiuingilie. Simama pembeni watoto waone mnadishaji anavyopandisha bei, kisha nunua kwa wachuuzi wanaouza mmoja mmoja. Inua shavu la samaki: liwe jekundu kama damu mbichi, si la rangi ya matofali. Bonyeza ubavu kwa kidole, shimo lirudi lenyewe. Jicho liwe limejaa, limetokeza. Mengine yote atakayokuambia muuzaji ni maneno ya biashara.

Ukishanunua, mpelekee mkaangaji. Wapo hapo hapo sokoni na makarai makubwa juu ya moto wa kuni, na unamlipa kazi ya kukaanga tu. Mwambie apasue samaki mgongoni mistari mitatu, apake chumvi na ndimu, aache kidogo ndipo atumbukize. Mafuta yakiwa na moto wa kutosha, samaki anapoingia sauti inalipuka halafu inatulia taratibu, na kadiri maji yanavyomtoka ndivyo povu linavyopungua. Povu likikaribia kwisha, ameiva. Nimewafundisha wanafunzi wengi kukaanga kwa kusikiliza, na mahali pa kwanza ninapowapeleka ni kwenye makarai yale.

Kwa mama chagua nguru, vipande vya mviringo. Hana vimiba vidogo vya kujificha, na nyama yake inaachia ikiguswa na kidole tu. Watu waliolelewa na sato huwa wanasema samaki wa bahari ana chumvi na harufu kali. Mara nyingi walionjeshwa kibua aliyekaa juani. Nguru wa asubuhi atamshangaza. Kaka mpe changu mzima, apambane na miiba yake mwenyewe. Desemba ni wakati wa kaskazi, bahari imetulia kuliko miezi ya kusi, kwa hiyo uchaguzi utakuwa mpana. Vaeni viatu vya kuoshwa, simu ziwe mfuko wa mbele, na wifi mwache alale. Asubuhi hii si yake.

Yake ni Kisutu, katikati ya mji. Na hapa naomba unisikilize vizuri, maana mtu asiyekula nyama anapata shida sana katika mji huu bila mtu kumkusudia ubaya. Ukisema "sili nyama," muhudumu anakuletea kuku. Ukisema huli kuku pia, anakuletea maharage yaliyopikiwa supu ya mifupa, kwa sababu kwake ile ni ladha tu. Chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa kuku. Usiulize kama kuna nyama. Uliza, "Hii mmeipikia supu ya nini? Mafuta haya mmekaangia nini?" Kule Kisutu na mitaa inayoelekea Upanga huhitaji maswali hayo, maana kuna familia zenye asili ya Gujarati ambazo hazijagusa nyama kizazi baada ya kizazi. Jikoni kwao kutokula nyama ndiyo kawaida.

Mchana wa siku ya kazi, kati ya saa sita na nusu na saa nane, tafuta thali mitaa hiyo. Ni sinia la chuma lenye vibakuli vidogo: dengu, mboga ya majimaji, mboga kavu, mtindi, achari, wali kidogo na chapati nyembamba zinazoletwa mojamoja kutoka jikoni zikiwa bado zimefura. Dengu za Kigujarati zina utamu wa mbali wa sukari guru na ukali wa ukwaju, ukionja mara ya kwanza unadhani mpishi amekosea. Kijiko cha pili kinakueleza. Kwa nini mchana wa siku ya kazi? Kwa sababu ndiyo saa wenye maduka na wahasibu wa mitaa ile wanapokula, na hao wanakula hapo kila siku. Kwa jioni, wapeleke Patel Brotherhood, nyuma ya Mtaa wa Maktaba. Ni klabu ya jamii, familia zinakaa uwanjani na watoto wao wanakimbia huku na huku, na jiko linapika vya mboga na vya nyama pia. Wewe na kaka mtakula mnachotaka na wifi hatabaki kwenye pembe ya meza na saladi yake.

Asubuhi moja pia mpitishe K-Tea Shop, huko huko Kisutu. Chai ya maziwa iliyochemka sana, bajia za dengu, kachori na chatne. Watu wanakunywa haraka na kuondoka. Usiende saa tano ukitegemea kukuta kila kitu.

Kaka yako atakuwa na jambo la ziada mitaa hii, na ningemweleza kabla hajafika. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na miaka hiyo Watanzania wengi wenye asili ya Kihindi walihama. Kanada ilipokea wengi, hasa Waismailia, na Toronto ni mmoja wa miji walikokwenda. Walichukua jiko lao, nalo lilikwishakuwa la Dar: mihogo ya kukaanga na pilipili, kuku wa nazi, mishikaki, maharage ya nazi. Ndiyo maana hata leo wenye asili ya Afrika Mashariki walioko Uingereza na Kanada wanauita muhogo "mogo" na wanaulilia kama sisi tunavyolilia dagaa. Inawezekana kabisa kaka yako amekula chakula cha Kisutu huko Toronto akidhani ni cha Bombay.

Usiku mwingine, shukeni kituo cha mwendokasi cha Kisutu mtembee hadi kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya. Pale ni Mamboz. Jiko liko nje, meza ziko barabarani, na kazi inaanza jua likishazama. Mimi hupenda kusimama dakika chache karibu na mkaa kabla ya kukaa. Kuku amepasuliwa, amelazwa kwenye viungo, anageuzwa kwa vyuma virefu, na kila tone la mafuta linapoanguka moshi unapanda na kumrudia. Ladha ya kuku yule nusu yake ni ule moshi. Agiza kuku gajjar, ambaye ndiye pilipili yake inayosifiwa, na kuku wa ndimu kwa watoto. Ukisikia "sekela", ni kuchoma tu. Kuleni na naan, na chatne ya ukwaju pembeni. Pombe hakuna, na familia nzima mtakaa kwa raha. Fikeni mapema, saa moja usiku; ikifika saa tatu mnaweza kusubiri meza mkiwa mmesimama. Wifi atapata mboga, lakini usiku huu ni wa wala kuku. Mlishe kabla.

Sasa chakula ambacho ningekipa nafasi ya juu katika wiki yenu, kwa sababu kinamaliza tatizo la mama na la wifi kwa sinia moja: cha Kihabeshi. Nenda Addis in Dar, Mtaa wa Ursino, pembeni ya Barabara ya Bagamoyo ya Zamani, Mikocheni. Nenda Jumatano. Nikisema Jumatano nina sababu. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai. Kwa hiyo kwa karne nyingi wapishi wao wamelazimika kuufanya ubingwa wao wote kwenye dengu, njegere, kabichi, mboga za majani na unga wa jamii ya dengu. Hakuna jiko Afrika Mashariki linalojua mboga kama hilo. Agiza sinia la mfungo. Litakuja duara kubwa la injera, na juu yake vilima vidogo: dengu nyekundu zenye berbere, yaani pilipili yao iliyosagwa na viungo, dengu za njano, mboga za majani, kabichi na karoti, na katikati shiro, ule uji mzito wa unga wa jamii ya dengu uliopikwa na vitunguu mpaka vikayeyuka. Wala nyama muongezee doro wat, mchuzi wa kuku wenye yai zima ndani, kwenye kibakuli chake.

Mama ataiangalia injera kwa mashaka. Ina matundu matundu, rangi ya majivu, na ni chachu. Mwambie hivi: ni unga wa nafaka ndogo kuliko ulezi, inaitwa tefu, umekorogwa na maji ukaachwa uchache siku kadhaa, kisha ukamiminwa juu ya bamba la moto. Yule aliyekunywa uji wa ulezi uliochachuka anaijua ile ladha. Ugeni wake uko kwenye umbo tu. Na uzuri wake kwa mtu wa meno mabovu ni kwamba hakuna cha kutafuna. Kila kitu ni laini, kinachotwa kwa mkono kama ugali, na ile sehemu ya chini ya injera iliyolowa mchuzi ndiyo hasa ninayoigombania mimi. Nawapenda wakati huo: mama, wajukuu na mkwe, mikono yote kwenye sinia moja. Wahabeshi wana desturi ya kumlisha mwenzako tonge kwa mkono wako, na ukiwaambia watoto, hawataacha kuwalisha watu meza nzima.

Malizieni na kahawa, lakini iombeni mapema, kwa sababu ikifanywa kwa desturi inachukua muda. Buni zinakaangwa hapo hapo, moshi wake unapitishwa mezani kila mtu aunuse, zinatwangwa, zinachemshwa kwenye birika la udongo. Raundi ni tatu, na ya tatu inaitwa baraka. Mama hatahitaji tafsiri.

Piga simu siku moja kabla. Mko sita, mnahitaji sinia mbili na meza ya nje.

Ijumaa mchana iacheni kwa biriani. Kariakoo, Magomeni, Ilala, hoteli za Waislamu huipika siku hiyo kwa masufuria makubwa, na watu wakitoka msikitini wanaingia moja kwa moja. Hapa sitakutajia jina moja, nitakupa kipimo. Pita saa tano na nusu asubuhi, ukanuse. Biriani ya kwetu wali unapikwa peke yake na masala peke yake, vinakutana kwenye sahani. Masala iwe imekolea hadi mafuta yamepanda juu, vitunguu vimekaangwa vikawa kahawia halafu vikapotea ndani ya mtindi na nyanya, na nyama ikimenyeka kwa kijiko. Masala ikiwa nyekundu kama mchuzi wa kawaida, huyo ameongeza nyanya ya kopo ili kuwahi, toka. Sufuria nzuri inakwisha kabla ya saa tisa. Mahali panapokuambia saa kumi na moja jioni kwamba biriani ipo, kula kitu kingine. Na wifi siku hiyo tayari amekula thali, au mmpeleke.

Watoto siku ya nne watachoka. Hili nakuambia kwa uzoefu wa wageni wengi: mtoto aliyekuja kutoka mbali anajitahidi siku tatu, ya nne analia bila sababu, na wakubwa wanadhani ni utovu wa adabu. Usibishane. Wapeleke Zuane, Oysterbay, mgahawa wa Kiitaliano kwenye bustani ya nyumba ya zamani, wale pitsa na wakimbie kwenye majani. Kaka atasema pitsa ipo Toronto. Ni kweli, lakini siku hiyo ni ya watoto, na wewe ndiye shangazi. Kichina sikuwekei, siku hazitoshi.

Kwa kaka mwenyewe, ambaye naamini hajala nyama ya mbuzi sawasawa tangu aondoke, kodisheni gari Jumamosi mchana mwende Pugu Mnadani. Huko ndiko ng'ombe na mbuzi wanaotoka bara wanakouzwa, na wachomaji walioko pale wanapata nyama ambayo haijalala kwenye friji. Chagua kipande mwenyewe kikiwa kinaning'inia, pimisha, na mwambie mchomaji asikate kabla ya kuchoma. Wachomaji wetu wengi wana haraka, wanakatakata nyama mbichi vipande vidogo ili iive upesi, na maji yote yanaishia kwenye mkaa. Nyama ichomwe nzima, ipumzishwe, ndipo ikatwe juu ya ubao na chumvi na ndimu. Inataka saa nzima au zaidi. Agizeni halafu mkae mzungumze. Ndizi za kuchoma, kachumbari, pilipili mbichi, basi. Mama asiende. Siku hiyo asubuhi mtafutieni mtori, kwenye mgahawa wowote wa Wachaga unaofungua kwa supu. Ndizi zilizopondwa ndani ya supu ya nyama ya mbavu, laini kama uji, moto. Mtori ni wa asubuhi. Saa tano unakuwa umeganda na kupashwa mara mbili.

Nikikuona una siku moja ya kutoa, vukeni Zanzibar. Boti za mwendo kasi kutoka bandarini hutumia kama saa mbili hivi. Chakula cha mchana kiwe Lukmaan, Mkunazini, kando ya mbuyu mkubwa. Chakula kimepangwa mbele yako, unanyooshea kidole: pweza wa nazi, samaki wa kupaka, wali, ndizi mbivu za nazi, na kwa wifi maharage ya nazi na mboga, baada ya kuuliza lile swali letu. Fikeni saa saba mchana, wenyeji wakiwa kwenye foleni. Ukibahatika kukuta bokoboko popote mjini, mnunulie mama bila kumuuliza: ngano na nyama vimepikwa muda mrefu na kusongwa mpaka huwezi kutofautisha kimoja na kingine, na juu samli.

Halafu urojo, alasiri, saa kumi hivi. Huu unauzwa Dar pia, wengine wanauita "mix", lakini kwao ni Unguja. Mchuzi wake ni unga wa ngano uliokorogwa mwepesi na manjano, ukali wake ni wa embe mbichi na ukwaju. Muuzaji ana bakuli mkononi na mkono mwingine unaruka: viazi vya kuchemsha, bajia, kachori iliyobonyezwa ipasuke, chatne ya nazi, mihogo iliyokaangwa mikavu kama chipsi, pilipili, na kwa anayetaka, mishikaki na yai. Uliwe hapo hapo, mihogo ikiwa bado inavunjika mdomoni. Ukiubeba hadi hotelini unakuwa kitu kingine. Wifi anakula wote bila mishikaki; mayai ataamua mwenyewe. Mwambie muuzaji tangu mwanzo, kwa sababu kijiko chake ni kimoja.

Forodhani inaanza magharibi, na boti za kurudi zinakuwa zimekwishaondoka, kwa hiyo inataka mlale. Bustani ile ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, inapendeza, na watoto watapenda kuona pitsa ya Zanzibar inavyokunjwa kama bahasha juu ya chuma. Agizeni vitu vinavyopikwa mnaona: pitsa, mishikaki, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Vile vipande vya kamba na pweza vilivyopangwa mezani tangu jioni na kupashwa akija mteja, mimi sivili na wanangu siwapi. Wapo wauzaji waaminifu wengi pale, lakini samaki aliyeiva akakaa kwenye joto la Unguja kwa muda wa saa nne hana mwaminifu.

Jioni mtakazobaki nazo Dar, msitafute mahali pa ghali ili tu muone bahari. Rasi ya Msasani ina pande mbili. Upande wa Sea Cliff, ambako kuna Karambezi juu ya jabali, mnapata upepo na mawimbi, jua linazama nyuma yenu. Upande wa ghuba, Slipway, jua linazama mbele yenu majini. Wengi wanalipia kiti cha upande wa kwanza wakisubiri machweo ambayo hayaji. Kaeni Slipway saa kumi na mbili kasorobo, agizeni juisi ya embe, maana Desemba ndiyo msimu wake, watoto wapate aiskrimu, kisha mkale chakula kizito kwingine.

Na chakula cha bei nafuu kuliko vyote nimekiweka mwisho kwa sababu utakihitaji kila siku: mama ntilie. Kaka atataka. Usimpeleke saa nane mchana kwa yeyote. Tafuta yule ambaye saa sita na nusu ana madereva wa bodaboda na makarani wamekaa benchi moja, ana maji ya moto ya kunawa, na anafunika masufuria yake. Muulize leo kuna mboga gani ya nazi. Akisema kisamvu, kaa. Kisamvu kilichotwangwa vizuri na kupikwa na tui zito kinataka zaidi ya saa mbili jikoni, na mtu anayetoa saa mbili kwa kisamvu hatakudanganya kwenye wali. Wifi atakula sahani mbili, baada ya kuhakikisha hakuna dagaa wala kamba ndani, maana wengine huweka.

Jumapili, siku ya mwisho, ndege ni ya usiku nadhani. Alasiri nendeni Coco Beach, mji wote unakuwa pale. Mihogo inakaangwa mizima, inapasuliwa katikati, inajazwa kachumbari na pilipili ya ukwaju. Kaka mpe wa kwake kwenye karatasi asimame nao akitazama maji. Mama mwombee muuzaji ule mnene ulioiva mpaka kati ukapasuka wenyewe kwenye mafuta; wanajua kuuchagua, ukiwaambia ni wa mama.